Nilipima Umri kwa Ndevu

Wasomaji wenzangu, mimi ni karani, na juzi hapa Litein nilijiona mwerevu kuliko sheria. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha Waafrika watakaopiga kura, na asiyetimiza miaka ishirini na mmoja hakuruhusiwa.

Alikuja mtu mfupi, kidevu laini, ameshika bahasha. Kabla hajaifungua nikamwambia, "Kijana, rudi nyumbani ukanywe maziwa ya mursik, ukue kwanza."

Watu wakacheka. "Bwana karani, tafadhali soma karatasi zangu," akasema kwa upole. Nikampungia mkono aondoke, naye akaondoka.

Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ndevu nyingi. Nikainuka, nikampa kiti. "Karibu, mzee. Jina lako?" Akanitajia, nikaliandika daftarini kwa wino. Umri hata sikumuuliza.

"Bwana karani," akasema kwa haya, "mimi sikuja kuandikishwa. Nina miaka kumi na tisa. Nilimsindikiza mwalimu wangu, yule uliyemfukuza. Ndiye aliyenifundisha kusoma."

Nilikimbia nje kumtafuta, nisimwone. Niliporudi, ofisa wa uandikishaji alikuwa amekwisha kulifungia daftari sandukuni. Jina la mwanafunzi limo. La mwalimu halimo.