Siku Niliyombeba Mama Mkwe Kutoka Stoo ya Chini

Hii aibu nimeificha miaka mingi, na hata leo nikiisimulia masikio yanawaka moto, lakini kwa vile mmenibana, wacha niseme tu: mimi, fundi mzima wa mjengo, nilimbeba mama mkwe wangu mgongoni mbele ya kanisa zima, na kosa lilikuwa langu kutoka juu mpaka chini (hasa chini).

Ilikuwa miaka ya tisini, nikikaa Soweto West, Kibera, na mke wangu Nekesa, akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Mama yake alikuwa na ploti ndogo kule mtaa wa Kongo, Kawangware, karibu na mto, na hapo ndipo alipokuwa akiuza mahindi na maharagwe ya kuletewa kutoka Bungoma. Alitaka stoo. Kazi ya mabati na mbao, siku nne, kwisha. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kufanya kibarua kwa jengo moja mjini, na pale niliona magari yakishuka chini ya nyumba na kupotea, nikabaki mdomo wazi, halafu nikaanza kujiona injinia. Watu wa kina Nekesa walikuwa wakiniita "yule kijana wa kubeba mawe". Basi nikaamua stoo ya mama itakuwa chini ya ardhi, chini ya nyumba yenyewe, ili ploti isipungue na wale watu wafunge midomo.

Sasa muelewe jambo moja. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamli meza moja, ukimwona njiani unampisha na kuangalia pembeni. Kwa hivyo mipango yote ilipitia kwa Nekesa: mama ndani, mimi nje nyuma ya ukuta, Nekesa mlangoni na tumbo lake.

"Mama anauliza, hiyo shimo haitaingia maji?"

"Mwambie nimejenga tao, mjini kwenyewe. Hiyo kitu naijua."

Nekesa akaingia, akatoka.

"Anauliza tena. Nduma za Baba Wanjiru zinakunywa wapi?"

Baba Wanjiru alikuwa jirani wa upande wa chini, mzee mpole, na nduma zake, yale magimbi, zilikuwa na majani mapana kama sinia, Februari hiyo, jua limechoma kila kitu, na hakuna aliyewahi kumwona akizimwagilia hata kikombe kimoja. Mtoto yeyote aliyekulia kwetu anajua nduma hazinawiri pakavu. Hata mimi nilijua. Lakini nilicheka, nikasema mwambie mama nduma ni za jirani, stoo ni yake. Mama hakuuliza tena. Nikadhani nimemshinda, kumbe ni heshima tu, hangeweza kubishana na mkwe hata akimwona anajichimbia kaburi.

Tulichimba wiki mbili, mimi na Omosh, rafiki yangu wa mjengo, mpaka shimo likawa refu kunizidi. Kule chini Omosh aliufinya udongo, akanionyesha kiganja kinang'aa.

"Buda, hii udongo imelowa."

Nikamwambia hilo ni jasho lake, achimbe.

Nikapanga mawe ukutani, nikamwaga sakafu ya simiti, nyembamba kiasi (sitaki kusema nyembamba vipi), nikailainisha vizuri, nikatia ngazi ya mbao. Machi yote ilikuwa kavu kabisa. Mchana mwingine nilikuwa nashuka huko na kukaa tu, najipongeza. Mama akaingiza magunia yake kumi na mawili, mali yake yote, hakubakisha hata moja juu.

Halafu mvua ya Aprili ikaanza, ikanyesha wiki mbili bila kupumua, na Jumamosi ya kubariki stoo ndipo jua likatoka. Akina mama wa kanisa wakaja na vitambaa vyeupe na ngoma, uwanja ukajaa, mimi nimevaa koti la kuazima kwa binamu yangu aliyekuwa akilinda nyumba mtaa wa Olympic. Pasta akasema baraka zishuke hapo chini penyewe. Akateremka yeye, mama mkwe, na akina mama watatu. Mimi nikabaki juu, kwa heshima.

Nasikia pasta anakemea umaskini, na kila akikemea anapiga mguu chini. Pu. Pu. Pu. Mara ya nne nikasikia sakafu yangu ikipasuka, sauti ambayo fundi hahitaji kuelezwa, na nyimbo zikakatika.

Mwanamke mmoja akasema kwa upole kabisa, "Pasta, maji."

Pasta ndiye aliyetoka wa kwanza, suruali imelowa hadi magotini, akapita moja kwa moja mpaka getini. Wale akina mama watatu wakafuata. Mama mkwe hakutoka. Nekesa akachungulia, akageuka kunitazama, uso umekwisha.

"Mguu ya mama imeshikwa na simiti."

Nilipigwa na butwaa, jamani. Nilitafuta kwa macho mwanamume mwingine yeyote: pasta keshaenda, Omosh sikuwa nimemwalika, Baba Wanjiru na mzee mmoja wa kwetu, wote wa mkongojo. Na maji yanapanda. Nikashuka, na koti la watu mwilini.

Yalikuwa rangi ya chai, yanachemka kutoka kwenye ufa kana kwamba mtu yuko huko chini anasukuma, na magunia yamekwisha kunywa. Mama aliponiona alijifunika uso kwa kitambaa. Nikamshika kifundo cha mguu, mimi ambaye sijawahi kumshika hata mkono, nikavunja simiti kwa jiwe, mguu ukatoka, lakini kukanyaga hawezi. Nikachuchumaa ndani ya maji, nikamwambia, "Mama, panda."

Nikaibuka juu na mama mkwe mgongoni, mikono yake shingoni mwangu, kanisa zima linatazama. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa kwetu alivua kofia, kama yuko mazishini.

Nikamketisha kwenye stuli, nikageuza uso. Na yeye, bila Nekesa katikati, kwa mara ya kwanza maishani, akasema nami.

"Simiyu, niliuliza nduma zinakunywa wapi."

"Chini, mama."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Tuliokoa magunia manne. Maharagwe yaliyobaki yaliota palepale uwanjani, na mama akaanza upya kwa debe moja kando ya barabara, mguu umefungwa kitambaa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko koti lililoharibika na kuliko pasta aliyetoroka. Watu wa mtaa ule walianza kuja na mitungi kuchota maji ya kufulia, wakiambizana, "Twende kwa stoo ya fundi."

Tangu siku hiyo sichimbi popote kabla sijamuuliza mama wa nyumba, uso kwa uso, awe mkwe asiwe mkwe, na akiniuliza swali naweka sururu chini mpaka nipate jibu.

Wazee waliamua nipeleke blanketi na kuku, heshima irudi mahali pake. Nikapeleka. Wakanikaribisha, wakaniletea chai, na sahani kutoka jikoni kwa mama ikaja imefunikwa. Nilipofunua, zilikuwa nduma tupu, za Baba Wanjiru. Nilizila zote.