Mbegu Zilizosubiri Saini

“Mjomba, mbona hukumrudishia?”

Mpwa wake, wa darasa la tatu, aliuliza akiwa mlangoni mwa karakana, huku damu ikimchirizika mjomba hadi kwenye kiatu. Fundi huyu wa mageti alikuwa pande la mtu. Nyundo ya kilo tano aliinua kama kijiko. Alimwambia tu aende nyumbani.

Kwa miaka sita ya ndoa, ndugu zake walimwita mkewe tasa. Fundi alijua ukweli tangu mwaka wa pili: cheti cha hospitali kilisema manii yake hayana mbegu hata moja. Akakificha chini ya boksi la vijiti vya kuchomelea, akafunga mdomo. Siku dada yake mkubwa, mama wa yule mpwa, alipomshushia wifi yake mchi hadi mkono ukavunjika, fundi alikuwepo. Alisema tu, “Dada, basi bwana.”

Mke akarudi kwao.

Ndipo fundi akaenda kwa daktari. Akapigwa ganzi, akapasuliwa korodani ya kulia kutafutwa mbegu. Kipande cha nyama kikatazamwa kwenye hadubini, wapi. Wakapasua ya kushoto. Ganzi ikaanza kuisha, akang'ata shuka hadi likachanika. Mtu wa maabara akasema, “Zipo. Chache, lakini zinacheza.” Zikagandishwa. Kuzitumia kutunga mimba kulitaka saini mbili, yake na ya mkewe. Akamtumia mkewe fomu pamoja na kile cheti.

Siku ya tatu, mshono haujakauka, kaka wa mke akatokea karakana, cheti mkononi.

“Kwa hiyo ulijua?”

“Nilijua, shemeji.”

“Ukamwacha avunjwe?”

Ngumi ya kwanza iling'oa jino. Ya pili ikamlaza juu ya vyuma. Mafundi walicheka, wakidhani ni utani wa mashemeji. Kicheko kikawakauka teke lilipotua kati ya mapaja na nyuzi zikaachia. Nyundo ilikuwa mkononi mwa fundi. Akaiweka chini taratibu.

Mke hakutia saini. Kila mwaka maabara iliuliza: zihifadhiwe au zitupwe? Zihifadhiwe, alijibu fundi, mpaka aliposikia mtalaka wake ameolewa kwingine na amejifungua. Mwaka huo akaandika: zitupwe.

Mpwa, sasa kidato cha tatu, alimuuliza tena swali lile wakipaka geti rangi.

“Nimpige mtu aliyekuja kumtetea dada yake?” alisema mjomba, bila kuacha brashi. “Siku ile mkono wa mke wangu ulipolia ka ukivunjika, nilikuwa mezani. Nilimaliza kula, mwanangu. Nikaenda kunawa.”