Pua ya Chumba cha Gundi

Dada yangu ni fundi wa maabara ya chuo. Kazi yake ni kuotesha nyaya. Usicheke, anaziotesha kweli, ndani ya tanuri, juu ya kigae kidogo kuliko ukucha, nazo husimama wima kama nyasi. Ni nyaya za zinki oksidi, nyembamba kiasi kwamba unywele ukilazwa kando yake ungeonekana gogo. Zinki oksidi hupitisha umeme kwa kusitasita, si kama shaba wala si kama mpira, na humo ndimo ulimo ujanja.

"Waya mnene una ngozi nje na nyama ndani," aliwahi kunieleza. "Hizi zangu ni ngozi tupu. Mvuke ukizigusa tu, umeme wote unaopita ndani unabadilika."

Miguuni mwa nyasi hizo alitandika utando wa neli za kaboni, vibomba visivyoonekana kwa macho, ambazo hubeba umeme vizuri na hazikatiki hovyo mashine zikitikisa ukuta. Akapata kihisi cha kunusa hewa. Hakukitengeneza kwa ajili ya maonyesho. Aliwatengenezea kina mama wa chumba cha gundi katika kiwanda cha viatu, ambako mama mdogo wetu hubandika soli na kurudi nyumbani akiyumba kama mlevi.

Msimamizi wa chumba hicho ni shemeji yangu, mume wa dada. Yeye ndiye aliyewabembeleza wakubwa mpaka wakakubali kihisi kitundikwe ukutani. Nilimpenda kwa hilo. Nilimtolea mfano mbele ya wenzangu waliodai kwamba msimamizi hawezi kuwa upande wa wafanyakazi.

Kina mama walikiita Pua.

"Taa ikiwa ya kijani, pumueni," dada aliwaambia. "Ikiwa nyekundu na kikipiga kelele, tokeni nje."

"Na kikishikwa na mafua je?" mmoja akauliza, chumba kizima kikaangua kicheko.

Mwanzoni Pua ilipiga kelele karibu kila siku. Mashine zikasimama, watu wakatoka uani. Kisha ikanyamaza. Shemeji akaleta habari nyumbani: wamefunga feni kubwa ya kuvuta hewa. Dada alimkumbatia mbele yetu sote, jambo ambalo si tabia yake kabisa.

Jumamosi moja mama mdogo alianguka juu ya meza ya soli. Wenzake walimleta kwa dada, tukamlaza chumbani.

"Mama mdogo, feni haikuwa inafanya kazi?" dada aliuliza.

"Feni gani, mwanangu?"

"Ile mpya."

"Labda mmeifunga huko chuoni kwenu. Sisi tuna dirisha, nalo halifunguki. Lakini taa ilikuwa ya kijani. Ndiyo maana sikutoka."

Dada alichukua mkoba wake. Alikwenda kiwandani, akarudi na Pua kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya chakula, akaiwasha na kuipulizia. Unyevu wa pumzi peke yake hutosha kuishtua, na tarakimu kwenye kioo chake zilipaswa kurukaruka. Hazikutikisika. Akachukua lenzi. Juu ya nyasi zake palikuwa na ganda jembamba, la waridi, lenye vimeta.

"Niletee rangi yangu ya kucha," aliniambia. "Ile ya harusi."

Nilipokiweka mezani kichupa chenye vimeta vilevile, shemeji aliingia na mkate kwapani.

"Imeharibika? Ni vumbi hilo, mke wangu. Kule vumbi haliishi."

"Vumbi lenye vimeta?"

Alikitazama kichupa, kisha akaketi.

"Wakubwa walisema ikilia tena wanaitupa jalalani. Nimeinusuru kazi yako. Nani mwingine angekulindia?"

"Ungewaacha waitupe. Ukuta ungebaki mtupu, mama mdogo angejinusia mwenyewe akatoka. Wewe umemwekea taa ya kijani."

Nilikwishasimama, ngumi tayari. "Kaa chini," dada alisema bila kunitazama. Alikuwa anadondosha asetoni, ileile anayotolea rangi kucha zake, tone moja moja juu ya kigae. Ganda likalainika, likachuruzika. Baadhi ya nyaya bila shaka zilikatika, lakini zilizobaki zilitosha. Mvuke wa asetoni wenyewe ukazigusa, taa ikawa nyekundu, na Pua ikapiga kelele nyumba nzima.

Shemeji akanyoosha mkono kuizima. Dada akaifunika swichi kwa kiganja.

Mama mdogo akatokea mlangoni, amejishikiza ukutani.

"Hee! Sauti yenyewe hiyo! Nilikuwa nimeshaisahau." Akamgeukia shemeji kwa upole, kama anavyomgeukia siku zote. "Mkwe wangu, mbona kule kwetu iliacha kulia?"

Shemeji aliinamia mkate wake. Pua ililia, ikalia, na kiganja cha dada hakikuondoka.

"Mjibu mama," alisema.