Ziwa na Mto: Ratiba ya Shangazi Nabintu

Shangazi yangu Nabintu hajawahi kupiga mpira hata siku moja. Lakini ukifika Linden, mtaa wetu hapa Columbus, Marekani, ukauliza ni nani aliyeiokoa ligi yetu mwaka 2015, hata watoto watakuambia: Mama Ratiba. Ndiye yeye.

Ligi yenyewe ni ya timu sita za makanisa, Wakongo na Warundi. Mbili ni za Louisville, mbili za Columbus, mbili za Buffalo. Columbus iko katikati. Kwenda Louisville ni mwendo wa saa tatu na kitu, kwenda Buffalo ni saa tano. Lakini toka Buffalo mpaka Louisville ni saa nane, na hapo dereva hakubali mtu kushuka hata kukojoa.

Zamani mechi zilipangwa kwa kura. Mwenyekiti, Mzee Jean-Baptiste wa Louisville, aliomba, akafumba macho, akachomoa vikaratasi kwenye kofia yake. Mwaka 2014 kofia hiyo iliipeleka timu ya Grant Street, ya Buffalo, mpaka Louisville mara tatu, ukihesabu na nusu fainali. Mara tatu walishuka kwenye gari miguu imevimba, mara tatu wakafungwa. Wawili walichelewa kurudi, Jumatatu wakakuta nafasi zao kiwandani zimepewa wengine.

Kipa na nahodha wa Grant Street ni Précieux, mdogo wake Shangazi. Alipiga simu mwezi wa kwanza.

"Dada, kama ratiba ya mwaka huu itakuwa vile tena, sisi tunatoka. Na ile timu ingine ya Buffalo inatufuata."

"Mkitoka ninyi, ligi inabaki nini?"

"Donc, basi, hiyo si kazi yangu."

Shangazi aliiweka simu mezani akaiangalia tu. Précieux ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Walipotoka kambi ya wakimbizi, mmoja aliletwa hapa Ohio, mwingine akapelekwa Buffalo, jimbo la New York, na kazi zao hazina likizo ya kwenda kusalimia mtu. Ni mpira uliokuwa ukiwakutanisha. Yeye alikuja na masufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, kulisha timu, mdogo wake akaja na glavu zake. Buffalo ikitoka, basi, hawaonani tena.

Wakati huo Shangazi alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, Gahanna, pembeni ya Columbus. Kulikuwa na mzee mmoja, Bwana Russell, aliyebandika ukutani kalenda ya mpira wa vyuo, ule wa Wamarekani wa kukumbatiana na kuangushana. Shangazi aliipita kalenda hiyo mwaka mzima bila kuiona. Siku ile akasimama mbele yake, beseni mkononi.

"Hizi timu zote zinacheza na zote?"

"Ziko kumi na nne!" mzee akasema. "Jumamosi zitatoka wapi?"

Akamweleza huku anaoshwa miguu. Timu zimegawanywa makundi mawili. Kila moja inacheza na zote za kundi lake, halafu na chache tu za upande wa pili. Aliyesafiri mwaka huu, mwaka kesho anafuatwa kwake. Na ratiba inaandikwa miaka mingi mbele, ili asiyefurahi leo ajue zamu yake inakuja lini. Zamani makundi yale yaliitwa Viongozi na Magwiji, na hakuna aliyekumbuka nani yuko wapi.

"Mimi nilidhani ni uzee," Bwana Russell akasema. "Kumbe hata wajukuu zangu hawakumbuki! Sasa wameyaita Mashariki na Magharibi, tumepona."

Shangazi alirudi nyumbani akatoa maharagwe mekundu, mahindi na njugu. Maharagwe yakawa Louisville, mahindi Columbus, njugu Buffalo. Kwa wiki nzima meza ilikuwa ya ratiba. Sisi tulikula tumeshika sahani mkononi, na aliyegusa njugu moja alirudishwa kuhesabu safari zake upya.

Mkutano wa ligi ulikuwa mwezi wa pili, mchana, kwenye chumba cha chini cha kanisa hapa Linden. Mzee Jean-Baptiste alikuwa ameshavua kofia.

"Mama Nabintu, chakula kiko tayari?"

"Kiko. Lakini nina neno kwanza, Papa. Kura ya mwaka huu tuiache."

"Mama! Kura ni ya Mungu."

"Mungu hakuendesha lile gari, Papa. Aliyeendesha ni Précieux."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka kidogo, akasema bon, tuone hiyo karatasi. Shangazi akaibandika ukutani. Alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa nzuri. Juu upande wa kushoto: DIVISHENI YA KWANZA, chini yake Louisville mbili na timu moja ya Columbus. Upande wa kulia: DIVISHENI YA PILI, Buffalo mbili na timu nyingine ya Columbus, ya hapa Linden.

Mimi niliona kosa usoni mwa Baba Mdogo Précieux kabla Shangazi hajaliona. Kwetu divisheni ya pili ni kule timu inakotupwa ikishindwa.

"Dada," Précieux akasema taratibu, "nimeendesha saa tano kuja kusikia umenishusha daraja?"

"Hapana, si hivyo! Yako sawa haya makundi, ni namba tu."

"Kama ni namba tu, wape Louisville ya pili."

"Ya pili sisi? Mabingwa?" Mzee Jean-Baptiste akaruka. "Haiwezekani!"

Précieux akachukua koti lake. Shangazi akafuta haraka kwa kalamu, akaandika Mashariki juu ya Buffalo na Magharibi juu ya Louisville. Ikawa mbaya zaidi.

"Mama, sisi watu wa Kivu ndio Mashariki!" mtu wa Louisville akapiga kelele. "Unatuita Magharibi, sisi tumetoka Kinshasa?"

"Mashariki ni Burundi," akasema Zenoni, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, kiongozi wa timu ya Linden. "Tazameni ramani. Jua linatufikia sisi kabla yenu."

Kila mtu akacheka isipokuwa Précieux. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye koti. Shangazi akauangalia ule mkono.

"Précieux. Pale Buffalo mmekaa kando ya nini?"

"Ya nini tena? Ya ziwa."

"Papa Jean-Baptiste, na ninyi?"

"Mto Ohio, mama. Si unaujua?"

"Bon. Kundi la Ziwa. Kundi la Mto. Nani hapo ameshushwa?"

Kijana mmoja akauliza kati ya ziwa na mto kipi kikubwa.

"Vyote vinakuzamisha," Zenoni akamjibu. "Endelea, Mama."

Ndipo akaeleza. Ndani ya kundi kila timu inacheza na wenzake nyumbani na ugenini. Mwezi wa nane timu zote sita zinakuja Columbus siku moja: wa kwanza wa Ziwa na wa kwanza wa Mto wanagombea kombe, halafu wa pili na wa pili, wa tatu na wa tatu. Hakuna wa Buffalo atakayekanyaga Louisville.

"Hesabuni safari," akasema.

Wakahesabu kwa vidole. Buffalo, safari mbili. Louisville, mbili. Columbus, mbili. Lakini Zenoni akanyanyua mkono.

"Za kwangu mbili ni za Buffalo, saa tano. Hawa wenzangu wa Columbus wamewekwa Mto, wanaenda saa tatu. Usawa uko wapi?"

"Mwaka kesho mnabadilishana," Shangazi akasema, akafunua karatasi ya pili.

Mzee Jean-Baptiste alihesabu mara mbili, midomo ikicheza. Halafu akaichukua kofia yake mezani, akaivaa kichwani. Précieux akavua koti.

Jumamosi ile ya mwezi wa nane Columbus ilijaa. Wa kwanza wa Ziwa walikuwa Grant Street, wa kwanza wa Mto walikuwa vijana wa Jean-Baptiste. Sare ya mbili kwa mbili, mpaka penalti. Précieux alidaka mbili. Ya mwisho ikampita chini ya mkono, Louisville wakachukua kombe.

Mzee Jean-Baptiste alilibeba moja kwa moja mpaka kwenye masufuria, akamwekea Shangazi mikononi mbele ya watu wote. "Mama Ratiba, shika wewe kwanza!" Akina mama wakapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha.

Précieux alikuja na matope mpaka masikioni. Shangazi akamtazama kwa woga.

"Tumefungwa," akasema Précieux. "Hatukuonewa. Mwaka kesho Columbus gani inakuja kwangu?"

Shangazi akampa kombe alishike, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na miaka yote mpaka 2019.