Noti za Mfalme Kwenye Mto wa Sufi

Mume wangu wa kwanza alilalia pesa zangu kila siku, na kila siku nilitetemeka. Nilizishonea ndani ya mto wa sufi, noti moja moja, kutokana na vitumbua nilivyowauzia vibarua wa mashamba ya karanga pale Nachingwea. Nilijua akizigundua ataniua. Sitii chumvi, mkono wake niliujua.

Nilitaka kujivua katika ndoa ile. Shehe wa kwetu Ruangwa alikwisha kuniambia: mwanamke akitaka kutoka mwenyewe, amrudishie mume mahari yake, basi. Pesa zangu zilibaki kidogo tu zitimie mahari.

Ndipo mfalme wa Waingereza akafa. Sokoni ikavuma kwamba noti zenye sura yake zimekufa naye. Watu wa kijiji cha Mtua wakazikimbiza madukani kununua chochote, hata majembe wasiyoyahitaji. Mimi zangu ningezitoaje, na kichwa cha mume wangu kiko juu ya mto? Hofu iliniingia hadi chakula kikanishinda.

Nilikaa hivyo mpaka noti za malkia zikaanza kuonekana. Siku mume wangu aliyoniumiza jicho, pesa zilikuwa zimetimia; niliufumua ule mto nikaenda kwa shehe. Mume wangu akaitwa. Alizitazama noti, akacheka.

"Shehe, huyu ananirudishia mahari kwa karatasi za maiti? Hizi za kufungia karanga. Twende nyumbani, we mwanamke."

Shehe naye hakujua kama ni kweli. Nilijiona nimerudi kwenye ile nyumba, na safari hii anajua kila kitu.

"Twendeni kwa Mhindi," shehe alisema mwishowe.

Mwenye duka alitoa noti ya malkia kwenye droo, akailaza kando ya yangu ya mfalme.

"Bwana, sura tu imebadilika. Mwenye noti ni bodi ya sarafu, moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mfalme amekufa, bodi haijafa."

Akanivunjia noti yangu kwa shilingi za chuma mbele ya wote, bila kupunguza hata senti.

Mume wangu akazikomba zote, noti na shilingi. Alinipa talaka palepale dukani, katikati ya magunia ya chumvi, shehe akisikia. Kisha akaniinamia sikioni.

"Ulikuwa umezificha wapi?"

Nilikuwa huru, na shehe amesimama kando yangu. Lakini bado nilimwogopa.

"Kwa mama," nikamwambia.