Kobe wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwetu, mtaa wa Panda, kobe alikuwa tayari ameishi misimu kadhaa ya mvua kwenye palseli yetu, yaani kiwanja cha nyumba. Mume wangu alimwokota pembeni mwa barabara ya Mulungwishi wakati msitu ukiwaka moto, ukingo wa gamba lake umeungua. Tulidhani angekufa. Badala yake alizoea majani ya viazi vitamu, uyoga na konokono wa bustanini, na ukimgusa alifunga sehemu ya nyuma ya gamba kama mlango.

Mama mkwe alimtazama siku ile ya kwanza, akaniuliza nitampika lini. Hakuwa anatania. Kwao Kasai, alipokuwa msichana, kobe alikuwa mboga nzuri, na kulisha mnyama asiyeliwa aliona ni kuharibu majani bure. Mume wangu alicheka. Kubishana na mama mkwe jikoni si jambo dogo, lakini kila niliporudi kutoka kazini nilifunua sufuria kwanza.

Kisha jirani yetu, anayefanya kazi kiwandani Shituru, akatuletea kobe dume aliyemkuta karibu na reli. Mwishoni mwa mvua mama mkwe alikuwa akipalilia viazi alipomwona kobe wetu wa kwanza, jike, anachimba kwa miguu ya nyuma. Aliacha jembe, akakaa chini akimtazama mpaka akamaliza kutaga na kufukia. Jioni alitusimulia yote kama mtu aliyetoka kumzalisha ndugu yake. Alifunika mahali pale kwa waya ili kuku wasiparue, na kiangazi chote akatukataza hata kupita karibu.

Tulishaamua moyoni kwamba mayai yameoza. Mvua za kwanza zikanyesha, na asubuhi moja mama mkwe aliniita kwa sauti ya chini. Chini ya waya kobe mdogo, asiyezidi ukubwa wa yai la kuku, alikuwa akijikokota kutoka kwenye tope, na nyuma yake mwingine akitoa kichwa.

"Ule mama iko na watoto," alisema. "Hakuna muntu atamukula humu nyumba."

Nilicheka, naye akacheka, tukapiga magoti kwenye tope kama wasichana.

Daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbwa wetu alifurahi kuliko sisi. Alitueleza kwamba porini wanyama hufukua mayai na moto huunguza wadogo. Wakilelewa hadi gamba liwe gumu, wanaweza kurudishwa wakiwa na nafasi ya kuishi. Alitusaidia kupata ruhusa ya ofisi ya mazingira. Ila alituonya tusinunue kobe sokoni hata kwa huruma, kwa sababu anayeuza mmoja leo kesho atakwenda kutafuta mwingine.

Mama mkwe hakununua. Alikwenda tu kuketi na wauzaji, akawahadithia jinsi jike alivyochimba, alivyofukia, na watoto walivyotoka. Alihadithia Jumamosi baada ya Jumamosi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyama ya porini alikuja mwenyewe hadi kwetu kuwaona wale wadogo, akakaa nao mchana mzima. Tangu siku hiyo hajaweka kobe tena kwenye meza yake.

Walipokuwa wakubwa kiasi, daktari aliwapima, tukawapeleka kwenye msitu wa familia moja ya upande wa Mulungwishi, watu wasiochoma majani yao. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliwaweka mmoja mmoja chini ya majani yaliyoanguka, akimwambia kila mmoja ajihadhari na moto. Mmoja hakungoja hata aondoe mkono. Aliona uyoga, akauma. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope, na kitenge chake kile.

Tulikuwa tumewatia alama ya rangi ya kucha kwenye gamba. Msimu uliofuata mwenye msitu alitupigia simu: amemwona mmoja mwenye alama, hai, karibu na kijito. Mama mkwe alininyang'anya simu.

"Iko anakula muzuri?" aliuliza. "Amenenepa?"

Mwenye msitu alijibu kwa kirefu. Mama mkwe alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa furaha, kisha akamtuma awasalimie wengine akiwaona.