Lala Pale Anapolala Mgonjwa

Iko siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na leo asubuhi umeiamsha mwenyewe ulipoingia hapa gereji na ile mashine yako mpya ya kupimia nyaya. Umeichomeka kwenye wayaringi ya lile gari la wagonjwa, kioo kikaonyesha waya mmoja baada ya mwingine, zote kijani, ukanigeukia umejaa tabasamu: "Mama Fundi, hili limepona. Niwapigie simu waje?" Nikainamia spana zangu. Ukadhani nimenuna, na kweli nilikuwa nimenuna kidogo, maana mimi na vitu vinavyojibu haraka haraka hatujawahi kuelewana. Hebu vuta hilo tairi ukae. Simu utapiga baadaye.

Nilikuwa na umri kama wako, nikijifunza umeme wa magari kwa Fundi Mapunda, hapa hapa Mfaranyaki, Songea. Siku hizo msichana kushika spana ilikuwa kichekesho. Watu wakienda sokoni walisimama kunitazama nikiwa nimelala chini ya gari, wengine wakiniuliza nimekosa mume au nimekosa akili. Fundi Mapunda hakunicheka hata siku moja. Alikuwa mzee mkali, mnyoofu, na alikuwa na mita yake ya njano ya kupimia umeme, aliyoiviringisha kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga vikombe vya wageni.

Basi likaja gari la wagonjwa la zahanati moja ya kanisa, huko mbele ya Namtumbo. Lilikuwa Landikruza la zamani, na dereva wake alikuwa Sista Yustina, mtawa mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa wa ajabu. Likiwa tupu linakimbia vizuri hadi Songea na kurudi. Wakishampakia mgonjwa tu, likifika kwenye makorongo, linazima. Wanakaa barabarani, mama wa watu anaugulia, Sista anasali na kugombana na injini kwa zamu, kisha baada ya kupumzika kidogo linawaka lenyewe. Hapo kijijini watu walikwisha kusema gari lina mkosi, halipendi wagonjwa.

Fundi Mapunda alikuwa amebadilisha chujio, akafungua pampu, akapima wayaringi yote. Unajua inavyopimwa: unashika ncha moja ya waya na ncha nyingine, mita ikilia pii, waya haujakatika. Kila waya ulilia. Gari likarudi nyumbani, likazima tena na mgonjwa ndani.

Siku ninayokuambia, Sista alishuka na hakusalimia kwa furaha kama kawaida yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," tukaitikia.

"Mzee Mapunda, Baba Paroko amechoka. Likizima mara nyingine linauzwa, na la kununua jingine hatuna. Wagonjwa wetu watarudi kubebwa kwenye pikipiki. Mimi naenda mjini kuchukua dawa. Nikirudi uniambie moja, limepona au halijapona."

Fundi Mapunda akaifungua mita yake, akapima tena. Pii. Pii. Pii. Akafuta mikono. "Wayaringi ni nzima," akasema. "Hili si la umeme. Sista atafute fundi wa pampu." Mimi nilikuwa nimesimama na hasira kifuani ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilikuwa nimewahi kumwona mama mmoja akishushwa kutoka kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, kichwa kimelala kama cha mtoto aliyesinzia. Picha ile haikuniacha. Nikajiambia gari hili haliondoki hapa kwa neno la pii.

Nikamkimbilia Sista kabla hajafika barabarani.

"Sista, samahani. Ukiwa na mgonjwa unawasha nini na nini?"

Akanishangaa. "Nawasha kila kitu, binti yangu. Kimulimuli cha juu, king'ora, taa kubwa, na feni ya huko nyuma mgonjwa apate hewa. Nisipowasha, ng'ombe wa Namtumbo wananipisha?"

"Na ukiwa peke yako?"

"Peke yangu nawasha vya nini? Si nitamaliza betri."

Mwanangu, nilihisi mwili mzima umechangamka. Sisi tulikuwa tunalipima gari likiwa limepumzika, limezimwa, halibebi kitu. Mita ile inapolia inasukuma umeme mdogo sana ndani ya waya, na umeme mdogo hivyo unapita hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba katika zote zilizosukwa pamoja. Italia pii kwa furaha zake zote. Lakini ukiuambia uzi huo mmoja ubebe king'ora na feni na taa kubwa na pampu ya dizeli kwa pamoja, unaelemewa, na kinachokosa umeme ni pampu, na injini inakufa.

Nikarudi kwa Fundi Mapunda nikamwambia nataka nilipime likiwa linafanya kazi, vyote vimewashwa, na nikiona dalili nifungue tepu iliyofunga wayaringi. Akakunja uso. Kuifungua wayaringi iliyofungwa kiwandani lilikuwa jambo asilolipenda kabisa. Alisema ni kama kumpasua mtu tumbo kwa kubahatisha.

"Mita imelia, binti. Unataka iseme nini tena?"

"Nataka nilisikie gari likiwa limebeba mzigo, Fundi."

"Na usipokuta kitu?"

"Nitaifunga upya kwa mikono yangu, na nitamwambia Sista mwenyewe kwamba nilibahatisha."

Akanikazia macho. Heshima nilikuwa nayo, ila macho sikuyashusha. Mwisho akanipa mita, na kitambaa chake.

Nikawasha injini. Nikagusisha ncha nyekundu pale pampu inapopokea umeme, nyeusi kwenye mwili wa injini. Mita ikasoma volti kumi na mbili na zaidi, safi kabisa. Nikawasha taa kubwa, ikashuka kidogo. Kimulimuli, ikashuka tena. King'ora kikapiga kelele, wauza nyanya wakasimama, ikashuka zaidi. Nilipowasha feni ikaanguka hadi tisa, na Fundi Mapunda aliyekuwa amejifanya hatazami akasogea. Nikalishika fungu la nyaya pale linapopita kutoka kwenye injini kuingia ndani ya gari, nikalitikisa kama linavyotikiswa na makorongo. Injini ikakohoa, ikazima.

Fundi Mapunda mwenyewe akaleta wembe.

Tulipofungua tepu kwa upande wa chini, zikadondoka punje za mahindi. Unajua kwetu Ruvuma wakati wa mavuno mahindi yanalala popote penye paa, na pale parokiani yalilala kwenye banda la gari. Panya wakashiba, wakatafuta pa kukaa penye joto, wakakuta injini. Walikuwa wameguguna ule waya mkubwa unaotoka kwenye betri, shaba yote imeliwa, zimebaki nyuzi chache nyembamba kama nywele. Kwa juu tepu ilikuwa nzima, huwezi kudhani. Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, wala sikuona aibu.

Tukaweka kipande cha waya mpya, tukachomelea, tukafunga. Nikapima tena vyote vikiwa vimewashwa, nikitikisa. Umeme haukuyumba. Sista aliporudi na maboksi yake ya dawa nikamwambia limepona.

Nilidhani nimemaliza. Fundi Mapunda akafungua mlango wa nyuma, akaonyesha machela.

"Panda. Wewe ndiye uliyesema limepona. Lala pale anapolala mgonjwa, Sista awashe kila kitu, mwende hadi kijijini. Likizima, utakuwa hapo hapo kuwajibu watu."

Nikalala. Sijawahi kuiona barabara ya Namtumbo kwa namna ile, nikitazama dari tu, king'ora kikinitoboa masikio, kila korongo likinirusha, nami nimebana meno nikiisikiliza injini. Pale ndipo nilipoelewa mgonjwa anavyoisikiliza. Hana usukani, hana mita, anachoweza ni kusikiliza kama bado inanguruma.

Tulipofika zahanati, muuguzi akatoka mbio. Kulikuwa na mama wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya, wanasubiri gari. Nikashuka kwenye machela akalazwa yeye, mahali ambapo bado pana joto la mgongo wangu. Nikakaa sakafuni, akanishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia. Kwenye makorongo akaniuliza, "Dada, si ndiyo hili gari linalozima?"

Nikamwambia, "Lilikuwa linazima. Nimelitengeneza mimi." Hakuniachia mkono hadi tulipofika hospitali, na injini haikukohoa hata kidogo. Yeye na mwanawe walipona wote wawili.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaizungusha. Mashine yako ni nzuri, siichukii, ungekuwa nayo mita ya Fundi Mapunda ungelia. Imekuambia nyaya hazijakatika, na ni kweli. Kama zinaweza kubeba hujaiuliza. Pima kitu kikiwa na mzigo wake wote, kikitikiswa, kwenye barabara yake. Ukiona kuna jambo halijakaa sawa, simama hapo hapo hata kama unayemheshimu amekwisha kufuta mikono, ila simama kwa adabu na uwe tayari kuifunga upya tepu mwenyewe. Na usimwambie mtu gari limepona kama wewe hujathubutu kulala ndani yake.

Nenda basi. Washa taa zote, king'ora, feni, halafu panda, kalale. Nitaendesha mimi hadi Peramiho na kurudi, na sitafuti korongo la kulikwepa. Tukirudi injini ikinguruma, utapiga simu yako kwa sauti ya juu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe sikio la kuisikiliza injini kama mgonjwa anavyoisikiliza, akupe ukaidi wa kutosha na adabu ya kuutumia, na kila atakayelala pale baada yako afike salama.